Pikapu Iliyotetemeka Ikirudi Tupu

Vuu, vuu, vuu. Niliisikia pikapu ile kabla sijaiona. Asubuhi za Keroka, nilikokuwa na gereji wakati huo, mnazijua nyinyi mliozaliwa huku: ukungu hushuka mpaka usimwone ng'ombe aliyefungwa mbele ya mlango wako. Barabara ya kutoka Sotik ilikuwa imefutika yote. Ndani ya weupe ule kulikuwa na mvumo uliovimba na kunywea, ukavimba tena na kunywea, na kadiri gari lilivyopunguza mwendo kukaribia soko, ndivyo mivumo ilivyozidi kuachana. Dereva akashusha gia, injini ikanguruma juu. Mvumo haukupanda nayo. Uliendelea kupoa pamoja na magurudumu, kisha ukafa.

Taa zilipojitokeza, mimi nilikuwa nimeshaisamehe injini.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue kwanza, nyinyi mnaonijia hapa Ekerenyo kuniuliza habari za magari makuukuu. Mnakuja na vile visanduku vyenu vinavyosoma makosa ya gari kwenye simu. Sivicheki. Ningekuwa navyo enzi zangu ningelala usingizi mzuri zaidi. Lakini pikapu ya zamani haina hata tundu la kuvichomeka, na itakapokujia ikitetemeka itabidi uiulize kwa njia nyingine. Inatetemeka kwa mwendo gani? Inaacha lini? Ukiondoa gia ukaiacha itiririke yenyewe, inaendelea? Ikiendelea, wacha injini ya watu. Tafuta kitu kinachozunguka na magurudumu.

Aliyeshuka kwenye pikapu alikuwa Osoro. Mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na aliyekuwa ameiendesha pikapu ile tangu ikiwa na rangi. Alikuwa akichukua ndizi Nyamache, anazipeleka Narok, anarudi. Gari lilikuwa la Mama Moraa, mfanyabiashara wa ndizi ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake.

"Bwakire, fundi," Osoro alinisalimu.

"Bwakire buya. Umerudi na nini leo? Mbona gari linaomboleza?"

Hakucheka. Alikuja karibu, akaniambia chini chini ili wapakiaji wa soko wasisikie. "Nyanchama, wewe niambie ukweli. Hii gari inatetemeka, ama ni mimi?"

Nikamtazama.

"Nikifika sabini inaanza. Themanini, meno yanagongana. Lakini Mama Moraa anasema gari yake ni nzima, mikono yangu ndiyo imezeeka. Amewaambia watu wote pale Nyamache. Sabato ikiisha, Jumapili asubuhi, anampa mpwa wake ufunguo."

"Yeye mwenyewe amewahi kuusikia huo mtetemo?"

"Hajawahi. Akipanda yeye, gari inatulia kama mtoto kanisani." Akaivua kofia, akaivaa tena. "Baba yangu mikono yake ilianza hivi hivi. Mwisho tulikuwa tunamlisha uji na kijiko. Sasa mimi sijui. Kama ni gari, itengeneze. Kama ni mimi, nataka kujua pia."

Sijawahi kupewa kazi nzito kuliko ile. Gari bovu ni chuma. Huyu alikuwa ameniletea chuma na mwili wake kwa pamoja, na akaniomba nivitenganishe.

Nilifundishwa kazi na Mzee Bashir mjini Kisii, katika uwanja wa matope nyuma ya msikiti. Babu yake alikuja huku kuuza nguo. Yeye alizikimbia nguo akaingia kwenye mafuta machafu. Siku aliyonipokea, wenzake walimkejeli kwamba sasa ataanza kufungua saluni. Akawajibu kwamba magari ya Kisii yanahitaji kusukwa, basi. Kisha akaniingiza kwenye pikapu, akang'oa godoro la kiti, akaweka ubao mtupu.

"Kalia hapo, binti. Hiyo unayokalia ndiyo mashine yako ya kwanza."

Tukazunguka mji mzima nikiruka kama punje ya mahindi kwenye sufuria, yeye akiuliza: "Unaisikia wapi? Mikononi au huko chini?" Nikisema kila mahali, anarudi tena barabarani. Mpaka leo nikipanda gari la mtu nautafuta mtetemo bila kutaka. Usukani ukicheza mikononi, naanza kutazama mbele. Kiti kikicheza chini yangu, naanza kutazama nyuma. Gari linaweza kukudanganya, ndiyo, lakini angalau unajua pa kuanzia.

Basi nikaichukua pikapu ya Osoro. Nilimketisha yeye upande wa abiria, mikono yake mapajani, nikaendesha mwenyewe kuelekea Chebilat, ambako barabara inanyooka kidogo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na wachuma chai walishaingia mashambani. Sabini, usukani ukaanza kunicheza. Themanini, vidole vikafa ganzi, na kiti nacho kikawa kinaniungurumia mgongoni.

"Unaona?" Osoro akapaza sauti.

"Nakubali! Ni gari!"

Mtu yule alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, na si mimi aliyekuwa akizungumza naye.

Tulipofika gereji niliinua magurudumu ya mbele kwa jeki. Nikayashika juu na chini nikayatikisa, nikayashika kushoto na kulia nikayatikisa. Beringi hazikuwa zimelegea, viungo vya usukani vilikuwa vimekaza. Kisha nikaingiza mkono nyuma ya rimu, upande ule usioonekana, na nikakutana na tofali.

Mnajua udongo wa Nyamache ukilowa. Unashika kama unga wa wimbi. Pikapu inapita kwenye barabara za mashambani, rimu zinajaa. Siku ya Ijumaa Mama Moraa alikuwa na desturi ya kuioshesha ing'ae kabla jua halijatua, kwa sababu ndiyo iliyompeleka kanisani, mwendo wa polepole. Wanaoosha wakaosha palipoonekana na waumini. Kisha gari likaegeshwa mteremkoni nje ya kanisa, na udongo uliolowa ndani ya rimu ukajikusanya chini. Sabato yote ikapita, jua likiupiga. Kufikia Jumapili lilikuwa bonge gumu upande mmoja wa gurudumu. Gurudumu lenye uzito upande mmoja likizunguka polepole linakusetiri. Likikimbia linakutangaza.

Nikachukua tindo, nikabandua. Lilitoka donge la kutosha kuziba tundu la panya, na jingine, na jingine. Nikamwita Osoro, nikamwonyesha.

"Mikono yako ndiyo hii hapa!" nikamwambia. Nilikuwa nimefurahi mno. Nikawaita hata wapakiaji waje waone. Mmoja akasema, "Kumbe Mama Moraa anauza ndizi, shamba analibeba bure!"

Tukayapeleka magurudumu kusawazishwa kwa mashine, tukayarudisha, tukashika barabara ya Chebilat mimi nikipiga mluzi. Sabini, usukani umetulia kabisa. Sabini na tano. Nikamgeukia Osoro nimwambie kitu cha kujisifu. Themanini, kiti kikaunguruma.

Mluzi niliuacha hapo hapo barabarani.

Vijana wangu, hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yetu, na hakuna anayeisema. Ukipata kosa moja la kweli, moyo unataka liwe ndilo lote. Unataka kunawa mikono. Mwenye gari anataka kwenda nyumbani. Mtetemo uliobaki ni mdogo, mtu anaweza kuuzoea, na wewe unaweza kusema: gari la zamani, ndivyo lilivyo. Mafundi wawili kabla yangu walimwambia Osoro hivyo hivyo. Mimi nilimwangalia akiwa ameyakodolea macho mapaja yake, akitazama kama yanatikiswa na kiti au yanajitikisa yenyewe, nikajua sitamrudisha Nyamache na neno "zoea".

"Tunarudi chini ya gari," nikasema.

"Fundi, Mama Moraa anataka gari kesho."

"Atalipata likiwa na jibu."

Nikalala chini mchana kutwa. Shafti ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma niliizungusha kwa mkono. Haikuwa imepinda. Krosi zake, vile viungo vinavyoiruhusu kuinama, zilikuwa nzima. Beringi ya katikati nzima. Kila nilichokishika kilikuwa kizima, na kizima kinaudhi kuliko kibovu. Osoro alikuwa amechuchumaa pembeni, akinipa spana, na kwa kukosa la kusema nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza asubuhi ndani ya ukungu.

"Ukiwa na ndizi, inatetemeka vilevile?"

Akafikiri. "Nikiwa na ndizi... hapana. Na ndizi ni usukani tu unacheza kidogo, kiti kimetulia. Ni kurudi. Nikirudi mtupu."

"Na Mama Moraa anapanda lini?"

"Anapanda kwenda, akauze. Kurudi anarudi na matatu, anasema pikapu inamchelewesha." Niliona likimwingia. "Hajawahi kurudi na mimi. Hata siku moja."

Nikajivuta kwa mgongo mpaka kwenye springi za nyuma. Nyinyi mnazijua: vyuma vilivyopindwa kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine, tunaviita majani. Majani ya pikapu ile yalikuwa na kutu ya rangi moja, isipokuwa moja kila upande, jeusi, jipya. Huko kwetu kwenye ndizi kila mtu anaongeza jani. Pikapu inatoka kiwandani imetengenezwa kubeba mzigo wa mtu mwenye adabu, na sisi tunaipandishia mikungu mpaka taa za mbele ziangalie mbinguni. Kwa hiyo tunaongeza jani, mkia unasimama, na tunasema gari limepata nguvu.

Limepata. Lakini likiwa tupu, mkia umenyanyuka kupita kiasi, na shafti haikai tena katika mlalo wake. Inazunguka kama iliyovunjika shingo. Polepole inavumilia. Kwa themanini inapiga kelele. Pakia ndizi, mkia unashuka, shafti inanyooka, na tajiri anasafiri kama malkia.

Mama Moraa alifika siku iliyofuata akiwa amejifunga leso kichwani, amekasirika toka stejini.

"Nyanchama! Gari yangu umeifanya nyumba? Nina mikungu inaiva Nyamache!"

"Karibu, Mama. Tuna safari fupi."

"Safari ya wapi? Mimi nimekuja kuchukua gari. Na wewe Osoro, umeketi tu kama umekuja mahari?"

"Mama, nimeambiwa nikae," Osoro alijibu.

"Panda katikati yetu," nikamwambia yule mama. "Ukiona gari lako halina shida, nitakusaidia kumtafutia mpwa wako leseni."

Alipanda kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kushinda. Osoro ndiye aliyeshika usukani. Nilitaka iwe hivyo. Tulipofika panaponyooka, akakanyaga. Sabini, Mama Moraa alikuwa bado ananieleza bei za Narok. Sabini na tano, sauti yake ikaanza kukatika katika. Themanini, akashika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Yesu wangu! Ni nini hii inanikalia? Osoro! Simamisha!"

"Toa gia kwanza," nikamwambia Osoro. "Acha itiririke." Akatoa. Ungurumo ukaendelea uleule, ukipungua na mwendo, mpaka tukasimama kando ya shamba la chai, na wachumaji wakainua vichwa kututazama.

Mama Moraa alikuwa bado ameing'ang'ania dashibodi. Leso ilikuwa imemwangukia jicho moja.

"Na umekuwa ukirudi hivi?" akamwuliza Osoro. "Kutoka Narok?"

"Kila safari, Mama."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni mikono."

Nilimwonyesha jani lile jeusi. Alilikumbuka; ni yeye aliyeagiza liwekwe kabla ya mvua. Nikamwambia njia rahisi ni kuling'oa. Akaruka. "Hilo jani ndilo linabeba ndizi zangu! Unataka gari ikalie barabara?" Basi nikachukua njia ndefu. Nilikatiwa kabari mbili za chuma kwa mchomeleaji wa jirani, vipande vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili, nikazibana kati ya springi na ekseli, nikaigeuza ekseli kidogo tu ili difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, iinamishe pua na shafti ipate mlalo wake. Mara ya kwanza nilikosea unene, tukaenda barabarani tukarudi. Mara ya pili mtetemo ukahamia tisini. Bolti moja ikakatika, nikaitukana kwa Ekegusii mpaka mchomeleaji akaziba masikio. Ya tatu, tukapita panaponyooka, Osoro akiendesha, na Mama Moraa akalala usingizi. Kwa themanini. Akikoroma.

Tuliporudi Keroka alimwita Osoro mbele ya wapakiaji wote, akampa ufunguo mkononi. "Watu wasikie. Niliongea vibaya. Gari ilikuwa gonjwa, dereva wangu ni mzima. Jumapili tunapakia."

Wapakiaji wakapiga makofi. Osoro alimshukuru, akaukunja ufunguo ndani ya kiganja.

Na mimi ningeweza kufunga sanduku langu la spana hapo.

Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye siku nzima, na mashine yangu ya kwanza haizimiki kwa kutaka. Wakati tukirudi, gari likiwa kimya kama maji ya mtungi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya gia, haufanyi kitu. Kidole gumba kilikuwa kikitembea. Taratibu, mfululizo, kama kinahesabu pesa ambazo hazipo. Alipokamata gia kubadilisha, kikaacha. Alipoupumzisha mkono, kikaanza. Pikapu ilitetemeka ikikimbia. Mkono ulitetemeka ukitulia. Sikuhitaji kuambiwa kwamba hivyo vilikuwa vitu viwili.

Nilimsubiri Mama Moraa aondoke kwenda kununua sukari. Mnajua nilijadiliana nini na nafsi yangu. Mtu amerudishiwa heshima yake mbele ya soko zima, bado makofi hayajapoa. Mimi ni fundi wa magari. Nani kaniuliza?

Yeye ndiye aliyeniuliza. Aliniuliza kabla ya mtu mwingine yeyote, na aliuliza mambo mawili.

"Osoro," nikasema, "gari nimemaliza. Lilikuwa na makosa mawili na nimeyatoa yote. Kilichobaki si cha gari."

Aliuweka mkono wa kushoto juu ya boneti na tukautazama wote wawili, jinsi kidole kilivyokuwa kikienda.

"Nilikuwa naombea usione," akasema.

"Nimeona."

"Ungeweza kunyamaza, Nyanchama. Mimi ningeweza kunyamaza. Jumapili tunapakia."

"Ungeweza."

Akautazama mlima, huko migomba inakoanzia. Nilidhani atanikasirikia. Mwishowe akaurudisha mkono mfukoni, lakini hakugeuza uso. "Baba yangu hakwenda popote. Alisema ni baridi. Kila mwaka baridi. Mimi kama hiki kitu kina jina, nataka kulijua kabla hakijanijua mimi."

Mama Moraa aliporudi na sukari, Osoro alimpa ufunguo, na akamweleza kwa maneno machache kuliko haya ninayowasimulia. Yule mama akauweka mfuko wa sukari juu ya boneti.

"Basi mpwa aendeshe hadi nijue," Osoro akasema.

"Mpwa hana haraka," Mama Moraa akajibu. Akauingiza ufunguo ndani ya kifundo cha leso yake, akafunga fundo mara mbili. "Ndizi nitakodishia gari. Wewe nenda."

Jumatatu nilimsindikiza hospitali mjini Kisii. Tulikaa kwenye benchi refu kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee aliyekuwa akituuliza kila mara kama ameitwa. Osoro alikuwa amevaa shati la kanisani na ameivua kofia.

"Huko ndani niseme nini?" akaniuliza. "Nitababaika."

"Mweleze kama ulivyonieleza mimi pikapu. Kinaanza lini. Kinaacha lini. Ukishika kitu kinafanyaje, ukiacha kinafanyaje. Usiruke kitu, na usimfichie."

"Naye akisema ndivyo mwili wa mzee ulivyo, nizoee?"

"Mwambie akutazame tena."

Akacheka kidogo. Mlango ukafunguliwa, daktari mmoja kijana, mwanamke, akasoma jina lake. Nikasimama naye. Osoro akanigusa bega akanirudisha kwenye benchi.

"Kaa, fundi. Hili nitalieleza mwenyewe."

Aliingia bila kuinama, mkono wa kushoto ukiwa nje ya mfuko kwa yeyote atakayetaka kuutazama. Kisha akageuka, akaufunga mlango nyuma yake.